Nyasi za Uswidi Mlangoni kwa Bernadina

Wewe unayesikiliza, tegua hiki kwanza: nyasi hazina mizizi, mvua haiziongezi na jua haliwezi kuzikausha, ng'ombe akizilamba anaondoka na njaa yake, na zinaunguza bila moto. Ni nini?

Usiharakishe. Watu wa Ijumbi walikaa na jibu lake mlangoni miezi miwili, wakilikanyaga kila siku, na wengine wao ni watu wa darasa la saba kabisa, wakashindwa. Ukishindwa, toa mji. Lakini usitoe Bukoba. Kila mtu hutoa Bukoba, mji huo umechoka kutawaliwa na mabibi. Toa hata Kamachumu, halafu tulia.

Mwaka ule wa tisini Bernadina alikuwa na miaka sitini na kidogo, na kazi yake ilikuwa nyasi. Nyumba za wakati ule hazikuwa na zulia. Mtu akitaka kuoza binti, au Krismasi ikikaribia, au Mungu akimwita mmoja wa nyumba ile, alitumwa mtoto: "Kamwite Ma Bernadina." Naye alichukua mundu wake akapanda rweya, ile mbuga iliyo nyuma ya migomba ambayo ni ya kila mtu, akachagua nyasi laini zisizo na miiba, akazifunga mzigo, akarudi nazo kichwani. Alizitandaza sebuleni zikilaliana kama manyoya ya kuku, ncha zote zikitazama mlango, na mgeni akiingia akivua viatu alisikia ubaridi mtamu unampanda miguuni. Wengine walikuwa wakitandaza pia. Lakini za wengine zilitandazwa. Za Bernadina zililala.

Naye alikuwa na nyumba moja isiyo na paa aliyoipenda kuliko zote. Ni uwanja wa mpira wa Ijumbi.

Uwanja ule uliuawa na vita. Mwaka wa sabini na nane malori ya jeshi yalilala pale wiki tatu yakienda mpakani, na hakuna aliyelalamika, maana yalikuwa yanakwenda kumtoa adui nchini. Yalipoondoka, udongo ulikuwa mgumu kama kigae. Mvua ya kwanza ikaosha juu, ya pili ikafukua changarawe, na kuanzia hapo kijana akianguka uwanjani aliondoka na mawe magotini. Wanaume walikaa vikao vingi juu ya jambo hilo. Bernadina hakukaa kikao. Aling'oa ukoka kando ya kisima, akaukatakata vipande vya urefu wa kidole, akaanza kuupanda katikati ya uwanja kwa kijiti cha kufukulia viazi.

"Ma Bernadina," walimcheka, "unapanda mpira? Utavuna lini?"

"Nikivuna nitawaita mpalie," alijibu.

Halafu ukaja ule ugonjwa. Uliitwa majina mengi kabla haujapata jina lake. Uliingia nyumba kwa nyumba kama mtu anayehesabu watu, na mwaka wa themanini na tano ulimchukua Yoeli, mtoto wa pekee wa Bernadina, na baada ya miezi minane ukamrudia mkewe. Bernadina aliwaosha wote wawili kwa mikono yake, wakati majirani wengine walikuwa wakisalimia kwa mbali kutoka barabarani. Aliachiwa mjukuu, Kokugonza, binti wa miaka kumi na minne wakati ule, mwenye mdomo usiopoa.

Misiba ikawa mingi kuliko Jumapili. Kila msiba ulitaka nyasi, maana wafiwa hulala chini, na matanga yakiondolewa nyasi zile hutolewa nje na kutupwa migombani. Bernadina alikata, akatandaza, akatoa. Siku ya kuondoa matanga ya Yoeli alisimama na mzigo wa nyasi kichwani, akasema, "Migomba imeshiba. Uwanja una njaa." Akazipeleka golini. Goli zote mbili zilikuwa bado mashimo matupu. Alipanda ukoka, akaufunika kwa nyasi zile, akamwagia maji ya kuoshea vyombo. Msiba uliofuata akafanya hivyohivyo. Hakueleza, na hakuna aliyemwuliza, lakini kina mama walielewa. Wakaanza kumletea wenyewe, mzigo mmoja mmoja, bila maneno. Mwaka wa tisini ulipofika, mbele ya goli zile palikuwa na ukoka mzito ukizama chini ya unyayo na kurudi juu taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Sasa, Karugendo.

Karugendo alikuwa kijana wa palepale Ijumbi, kipa tangu shule ya msingi, mrefu, mwenye viganja kama majani ya mgomba. Alisomea ufundi wa mitambo, akapata kazi bandarini Bukoba, na mwaka wa themanini na nane wakubwa zake walimpeleka Uswidi miaka miwili kujifunza injini za meli. Alipoondoka, ukoka wa golini ulikuwa haujashika, goli za Ijumbi zilikuwa bado changarawe. Aliporudi, mwezi wa saba, jambo la kwanza alilofanya baada ya kumsalimia mama yake ni kwenda kwa Bernadina na zawadi imeviringishwa kwa kamba. Wengine walisema anamfuata Kokugonza. Ni kweli alimfuata Kokugonza. Lakini zawadi ilikuwa ya bibi.

Bernadina alifungua. Zilikuwa nyasi. Kijani kibichi, fupi, nene, zimesimama zote urefu mmoja kama askari, upana wa mlango. Alizishika. Akazinusa. Akachukua unyasi mmoja kati ya meno.

"Plastiki," alisema.

"Plastiki, Ma. Ni nyasi za uwanja wa mpira. Kule theluji inaanguka miezi mitano, nyasi za kawaida zinakufa. Basi wametengeneza za kiwandani, wamezitandaza uwanja mzima, chini wameweka mchanga. Theluji wanaikwangua kwa trekta, watu wanacheza. Walipokuwa wanabadilisha zilizochakaa niliomba kipande. Nikasema, yupo mtu kwetu lazima azione."

Kokugonza alicheka mpaka akashika ukuta. "Uwanja mzima? Karugendo, ungesema mkeka wa kanisani tungekuamini."

"Uwanja mzima, goli mpaka goli." Macho ya Karugendo yalikuwa yanawaka. "Ungeona, Ma! Hakuna shimo. Hakuna kichuguu. Mpira ukiupiga hapa unajua utafika pale, haurukiruki, haukudanganyi. Mvua inyeshe, hakuna tope. Usiku, mchana, mwaka mzima, uko vilevile. Mara ya kwanza nilisimama golini nikaona aibu kuukanyaga."

Bernadina alimsikiliza kama mpishi anavyosikiliza habari za jiko la mwenzake. Alipitisha kiganja juu ya zile nyasi, mara mbili, tatu. Alistaajabu kweli. Zililala sawasawa kuliko alivyowahi kutandaza yeye.

"Aliyezitengeneza hizi ana mkono," alisema. Kisha akauliza: "Sasa niambie, mwanangu, wala usinionee haya. Kati ya hizi na zangu, zipi bora?"

Karugendo alitazama kule uwanjani, ambako kamba za katani zilikuwa zimezungushwa. Maana kila kiangazi Bernadina alifunga uwanja. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua za vuli hakuna mguu uliokanyaga, hata wa mwenyekiti wa kijiji.

"Ma, zile nimeziangukia miaka miwili. Zako bado. Swali hilo nitalijibu siku nikiziangukia."

"Haya. Nitalingoja."

Akaitandika zawadi mlangoni pake, nje kidogo ya kizingiti, mahali pa kufutia miguu. Na kwa kuwa ilikuwa mlangoni, watu waliokuja waliona kifuta miguu. Walifuta miguu, wakasifu, wakaingia ndani.

Mambo yaliharibika uwanja wa shule. Timu ilikuwa ikifanyia mazoezi pale wakati Bernadina amefunga uwanja wake, na pale ni changarawe tupu, hakuna kipa anayechupa. Jioni moja vijana walikuwa wanabadilisha jezi, na jua lilikuwa bado kali, na mtu akaona paja la Karugendo. Upande wa kulia, kuanzia nyongani mpaka karibu na goti, palikuwa na makovu. Mengine meusi, mengine ya rangi ya waridi kama ngozi mpya. Kiwiko nacho vilevile.

"Karugendo, umefanya nini hapo?"

"Nyasi," alisema.

Walicheka. "Nyasi! Nyasi zimekuunguza?"

"Nyasi," alirudia, na sauti yake ikabadilika, maana aliona kwamba wawili kati ya waliocheka walikuwa wamekwisha kurudi hatua nyuma.

Hakueleza zaidi. Ni mtu wa namna hiyo; ukimcheka mara moja anafunga mlango na kumeza ufunguo. Na Ijumbi ya mwaka ule haikuhitaji maelezo. Kijana ametoka mbali, amekonda kidogo, ana alama mwilini. Kabla ya siku tatu habari ilikuwa imefika Kagoma, kijiji cha jirani, na kurudi ikiwa imenenepa.

Mwenyekiti wa timu alikuwa mzee Rugaibula, Ta Rugaibula kama alivyoitwa, mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Bernadina. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoumiza. Alikuwa amezika kaka wawili na binti mmoja. Alimwondoa Karugendo golini akamweka Shaban, fundi cherehani, aliyefungwa mabao sita na timu ya walimu, akaomba msamaha kwa kila bao. Na zaidi ya hapo: Rugaibula ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo tangu Yoeli alipofariki, na mikononi mwake ilikuwepo barua ya posa iliyoletwa na mshenga wa Karugendo, ikiomba mkono wa Kokugonza. Alitangaza kwamba ataijibu siku ya Jumapili, baada ya mechi na Kagoma. Kila mtu alijua atajibu nini.

Kokugonza hakulia mbele ya watu. Alitwanga. Alitwanga karanga, zikaisha, akaanza kutwanga vitu visivyohitaji kutwangwa.

"Bibi, atarudisha barua."

"Yamkini."

"Na wewe unakaa tu hapo unachambua nyasi!"

"Mikono yangu inafikiri, wewe nyamaza," alisema Bernadina. Lakini ukweli ni kwamba moyo wake ulikuwa umekaa vibaya. Alimwosha Yoeli. Alijua alama. Na ile hofu iliyowakamata wengine ilimkamata na yeye, alfajiri, alipokuwa peke yake rweya na mundu. Hakuwa jiwe.

Alhamisi saa tisa mchana Rugaibula alikuja mwenyewe, amevaa koti, kusema kwa heshima kile atakachokisema Jumapili kwa sauti. Bernadina alimkaribisha kibarazani, mbele ya mlango.

"Kasinge waitu, Ta Rugaibula," alimsalimu kilugha.

"Ma, nimekuja unisamehe kabla sijakosa."

Kokugonza, aliyekuwa ndani, aliposikia sauti ile alitoka mbio na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Hasira ni hasira, lakini mgeni ni mgeni, na mkubwa wa ukoo hasalimiwi kwa kusimama. Kwetu mwanamke hupiga magoti, na binti aliyelelewa vizuri akitoka ndani hushuka magotini huku bado anakwenda, anateleza kidogo juu ya nyasi, anafika miguuni kwa mgeni kama boti inavyofika gatini. Kokugonza alifanya hivyo tangu ana miaka mitatu. Ila siku ile alishukia kwenye zile nyasi za Uswidi.

"Mayo!" alipiga kelele. Kahawa ilimwagika barazani.

Goti lake la kulia lilikuwa limechubuka upana wa jani la chai. Halikukatwa. Lilikuwa jekundu, lenye mistari midogo iliyonyooka yote upande mmoja, na linang'aa kama pameungua kwa pasi.

Bernadina aliinama kulitazama. Akalitazama muda mrefu kuliko goti linavyostahili. Halafu akamwambia mjukuu wake kwa sauti ya chini: "Kimbia kamlete Karugendo. Mwambie bibi anataka kuona paja lake, na asilete aibu za kitoto."

"Bibi!"

"Kimbia, goti halijavunjika."

Karugendo alikuwa kwao wiki ile, likizo. Alikuja amekunja uso. Bernadina alimsimamisha barazani, akamwambia apandishe kaptula upande, akamweka Kokugonza kando yake. Akaonyesha kwa kidole. Mistari ileile. Upande mmoja. Tofauti ni kwamba ya binti ilikuwa ya sasa hivi, na ya kijana ilikuwa ya miaka miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Ta Rugaibula," alisema, "nakutegea kitendawili. Nyasi hazina mizizi, mvua haiziongezi, jua halizikaushi, ng'ombe akizilamba anabaki na njaa, na zinaunguza bila moto."

"Ma, sikuja kwa vitendawili."

"Toa mji basi."

Rugaibula alikohoa. "Nakupa... nakupa Biharamulo."

"Nimekwenda Biharamulo, nimekula, nimenywa, nimerudi. Vua koti."

"Nivue koti?"

"Vua koti, pandisha mkono wa shati, piga goti hapa mlangoni, usugue kiwiko chako kwenye kifuta miguu changu. Haraka haraka, kama mtu anayeanguka."

Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika kwenye migomba, maana kelele ya Kokugonza ilifika mbali. Mke wa Rugaibula, Kokushubila, alikuwa mmojawapo, na alipomwona mumewe anapiga goti kwa Bernadina na kiwiko chini alisema, "Leo umesalimia vizuri, baba watoto," na wanawake wakacheka. Rugaibula aliweka kiwiko. Akasugua kwa adabu.

"Si hivyo. Unapaka mafuta? Anguka!"

Akasugua kwa nguvu. Akaruka. "Mama yangu!" Akakitazama kiwiko chake. Kilikuwa kimekuwa kama goti la Kokugonza.

Karugendo aliteremsha kaptula yake taratibu. "Kipa anayechupa upande wa kulia," alisema bila kumtazama mtu, "anaanguka kwa paja na kiwiko. Mazoezi mara nne kwa wiki. Nilisema nyasi. Mlicheka."

"Tulicheka," alikubali Rugaibula.

"Na nisikilizeni nyote," alisema Bernadina, akigeukia migomba, "kwa sababu nimewaosha wawili na nina haki ya kusema. Mwanangu Yoeli alianza bila alama hata moja. Alikuwa mzuri kama sahani mpya. Alama si ushahidi, na ngozi safi si ushahidi. Hawa wawili watakwenda hospitali pamoja kabla ya ndoa, kama padri anavyotushauri, na watakachoambiwa ni chao. Lakini mtu asinyang'anywe goli wala mke kwa sababu ya paja! Na angekuwa nao, je? Ningemtandikia nyasi mlango uleule."

Rugaibula alivaa koti, kiwiko kikamuuma, akalivua tena. Alikuwa mtu wa haki, lakini pia alikuwa mtu wa ukaidi, na watu walikuwa wanamtazama.

"Kiwiko changu kimesadiki," alisema. "Macho yangu bado. Uwanja wako unafunguliwa Jumapili, Ma?"

"Mvua imenyesha mara tatu. Unafunguliwa."

"Basi Karugendo atadaka Jumapili. Akianguka kwenye nyasi zako upande uleule, na ngozi yake ikabaki mahali pake, basi kweli zile za Uswidi ndizo zilizomla. Nitaijibu barua pale pale. Asipoanguka, au akianguka akachunika, mtanisamehe."

Jumapili baada ya misa watu walitoka Ijumbi, Kagoma, hata Ngenge. Kamba za katani zilitolewa. Mvua ya usiku ilikuwa imeuosha uwanja, na ukoka ulikuwa kijani mpaka watu wakanyamaza kidogo walipofika ukingoni, kama wanavyonyamaza mlangoni pa kanisa. Shaban alimkabidhi Karugendo glavu kwa furaha iliyozidi kipimo. "Kaka, chukua. Nimeshashona shimo la kidole gumba. Mimi nirudi kwenye suruali za watu."

Kagoma walikuwa na Mashauri, mvuvi wa visiwani aliyekuwa akileta samaki sokoni kwao, Msukuma mwenye mguu wa kushoto uliopiga mpira kama kasia linavyopiga maji. Dakika ya kumi alimwona Karugendo, akaita kwa mbali: "Mzungu wa Uswidi! Leo utakula mafuta ya sangara!"

"Lete," alisema Karugendo.

Akaleta. Mpira ulikwenda chini, kulia, si mkali sana. Kila mtu alimwona Karugendo akiinama kuchupa. Na kila mtu alimwona akikataa. Goti lilikunjwa, bega likashuka, halafu mwili wote ukasimama kama punda mbele ya daraja, na akatoa mguu tu. Mpira ukapita. Bao moja.

Kagoma walicheza ngoma. Rugaibula, kando ya mstari, alimtazama Bernadina, kisha akatazama chini. Kokugonza alishika mkono wa bibi yake mpaka mifupa ikalia.

"Anaogopa," alinong'ona. "Bibi, anaogopa kuanguka."

"Si yeye. Ni ngozi yake," alisema Bernadina. "Ngozi haisahau upesi."

Ijumbi walisawazisha kabla ya mapumziko kwa kona, lakini watu hawakuwa wakihesabu mabao. Walikuwa wakihesabu mara ngapi Karugendo hakuanguka. Zilikuwa nne.

Wakati wa mapumziko wachezaji walikuwa wakinyonya machungwa. Bernadina alifunga kitenge vizuri, akaingia uwanjani. Alikwenda mpaka kwenye goli ambalo Karugendo angelilinda kipindi cha pili, lile lililokula nyasi za matanga ya Yoeli. Akamwita. Karugendo akaja na chungwa mkononi.

Bernadina alirudi nyuma hatua sita. Halafu, huku ukingo wote unatazama, bibi wa miaka sitini na kidogo alikimbia, mbio zake zile fupi, akashuka magotini akiwa bado anakwenda. Aliteleza juu ya ukoka uliolowa hatua mbili nzima, kitenge kimeshikwa kwa mkono mmoja, akafika miguuni kwa yule kijana.

"Kasinge waitu, golikipa," alisema.

Ukingo ulilipuka. Mzee kumpigia kijana magoti! Karugendo alidondosha chungwa. "Ma! Inuka! Utaniletea laana!"

"Nitainuka ukiangalia kwanza." Akafunua magoti yake, magoti makavu ya kikongwe. Yalikuwa na maji na majani mawili ya ukoka. Basi. "Mimi nina ngozi ya karatasi. Umeona? Hapa chini yuko Yoeli na mkewe, na kaka za Rugaibula, na binti yake. Tumewalalia wote matanga kwenye nyasi hizi kabla hazijafika hapa. Hawatakuchuna."

Alimshika mkono, akainuka, akaenda zake kukaa.

Kipindi cha pili Mashauri hakuchelewa. Safari hii alipiga kwa kasia zima, chini, kulia, pembeni kabisa mwa mlingoti. Na Karugendo akaenda. Alinyooka hewani urefu wake wote, yule kijana mrefu, mpaka ilionekana hatarudi chini, viganja vyake vikafika kwenye mpira kabla mpira haujafika kwenye mstari, kisha akaanguka kwa paja na kiwiko, akateleza, mpira umekumbatiwa, ukoka ukirusha maji pande zote mbili kama mtumbwi unaoingia ufukweni.

Mashauri mwenyewe alipiga makofi. "Huyu ni sangara!" alisema.

Alipigiwa shuti la pili, akaanguka. La tatu, akaanguka. La nne lilikuwa linatoka nje kabisa, kila mtu aliliona linatoka nje, na bado akaanguka, akiwa na kicheko usoni. Refa alipopuliza filimbi ya mwisho mabao yalikuwa moja kwa moja, na Ijumbi walishangilia kama wameshinda kombe.

Rugaibula hakungoja. Aliingia uwanjani na koti lake, mkono mmoja umekunjwa kwa ajili ya kiwiko, watu wakimfuata nyuma kama msafara wa bibi harusi. Alipiga goti mbele ya Karugendo. Akapandisha kaptula mwenyewe, akavaa miwani. Kwenye paja kulikuwa na tope, na doa la kijani refu kama kiganja, na makovu ya zamani chini yake. Alilifuta kwa leso. Ngozi ilikuwa mahali pake.

Akavua miwani. Kisha akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa barua ya posa, akamnyoshea Kokugonza badala ya mshenga.

"Kwa niaba ya ukoo nimekubali," alisema. "Sasa wewe mwenyewe ndiwe wa kusema, maana goti ni lako."

"Ningesema tangu mwezi wa saba," alisema Kokugonza, "ila hakuna aliyeniuliza." Akaichukua barua, na kina mama wakapiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabara kuu.

Katika kelele zile Bernadina alikuwa ameinama golini, anarudishia kwa vidole kipande cha ukoka kilichong'oka Karugendo alipotua. Alikibana chini kwa kisigino. Kivuli kirefu kikamsimamia.

"Ma."

"Mm."

"Ulinipa swali."

"Nakumbuka. Mimi sisahau deni la kitendawili." Hakuinua uso. "Kati ya zile na hizi. Na usinionee haya."

Karugendo alipiga goti kando yake, akachukua kipande kingine kilichong'oka, akakirudisha shimoni mwake.

"Zile mpira haudanganyi, Ma. Sijaona uwanja ulionyooka vile, na sitauona tena. Leo hapa mpira umenidunda usoni mara mbili kwa sababu ya vichuguu vyako." Alikibana kile kipande kwa kiganja, kikazama, kikarudi juu taratibu. "Lakini lile shuti la nne lilikuwa linatoka nje. Niliona linatoka. Nilitaka tu kuanguka tena. Zako, Ma. Zako ndizo bora."